Begi la Matairi au Shangazi Kaja? Kwanza Sema Unapanda Treni Ipi

Jirani yangu alipiga hodi Jumatano jioni, amekuja kuazima begi langu la matairi. Wiki hiyo nyumbani kwake kulikuwa na safari mbili: yeye anakwenda Tabora kwenye harusi ya mpwa wake, na binti yake anarudi chuoni Dar es Salaam. Nikamuuliza, "Mama, begi ni la kwako au la binti?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa ugali wake autie chumvi kiasi gani. "Mwanangu, begi si begi tu?"

Kwa mkazi wa Dodoma, hapana. Mji huu una treni mbili zisizofanana hata kidogo, kila moja na stesheni yake, na mzigo uliofungwa vizuri kwa ajili ya moja unaweza kukuadhiri kwenye nyingine. Nimepanda zote mara nyingi, nikiwa na mabegi ya kila aina, mengine ya kuazima kama la huyu mama.

Treni mbili, sakafu mbili

Treni ya umeme, yaani SGR, ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma tarehe 25 Julai 2024. Reli yake ina upana wa milimita 1,435, kasi inafika kilomita 160 kwa saa, na kwa saa tatu na nusu hadi nne hivi unakuwa umefika. Stesheni iko Mkonze, nje kidogo ya mji. Kwa mwenye mzigo, habari kubwa ni sakafu. Ni laini, begi linateleza. Jukwaa limeinuliwa, hupandi ngazi ndefu kuingia behewani. Lakini mlangoni kuna mashine ya ukaguzi kama ya uwanja wa ndege, na tiketi ina ukomo wa kilo, kwa hiyo mzigo wako utaangaliwa kabla hujakaa.

Treni ya zamani inapita kwenye Reli ya Kati ya Wajerumani. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Upana wake ni meta moja kamili, ndiyo maana behewa ni jembamba na korido ya daraja la pili kulala inapitisha mtu mmoja. Ukikutana na mwenye begi, mmoja wenu atarudi kinyumenyume. Stesheni yake ipo katikati ya mji. Hii ndiyo ya kwenda Manyoni, Itigi, Tabora na mbele zaidi, Kigoma au Mwanza. Dodoma hadi Tabora ni karibu kilomita 380, na hapo katikati kuna usiku.

Mimi hulinganisha treni hizi kwa swali moja: mzigo wangu utaacha ardhi mara ngapi kwa mikono yangu mwenyewe? Mkonze nahesabu hivi: kushusha kwenye bajaji, kupandisha kwenye mkanda wa mashine, kuushusha, kuupandisha juu ya kiti, kuushusha tena Dar. Mara tano, na kati yake unaviringika. Kwenye treni ya zamani, kokoto haziviringishi kitu. Ngazi za chuma zina mwinuko wa kumtoa mtu mzima jasho, na kwenye stesheni ndogo hakuna jukwaa la maana, unashukia chini kabisa. Halafu korido, halafu kuinama kuusukuma chini ya kitanda. Unanyanyua karibu safari nzima.

Begi la matairi

Tumelipenda kwa sababu linampa mtu heshima anapoingia stesheni. Na kweli, kwa SGR halina mpinzani. Binti wa jirani yangu mwenye vitabu, nguo na pasi ya umeme atafika kwenye kiti chake bila kutokwa jasho.

Tatizo lake linaanza nyumbani. Mitaa mingi ya Dodoma ni kichanga na vumbi jekundu, matairi madogo yanazama kama ya baiskeli kwenye mto uliokauka. Ukimwona mtu wa Nkuhungu au Chang'ombe anaburuta begi kuelekea barabarani, mtazame kwa makini: analiburuta kama mbuzi asiyetaka kwenda. Hapo ndipo tofauti ya matairi mawili na manne inapokuja, na wauzaji wengi hawakuambii. Ya manne yanazunguka pande zote, matamu kwenye vigae, lakini ni madogo na yanavunjika mapema. Tena ukiliacha limesimama kwenye njia ya behewa, treni ikipunguza mwendo begi linaondoka peke yake kwenda kusalimia abiria wa mbele. Ya mawili ni makubwa kidogo, yamejificha kwenye pembe, na begi likisimamishwa linatulia. Kwa mazingira yetu nachagua mawili bila kufikiri mara mbili.

Kitu kingine ni uzito wake likiwa tupu. Begi kubwa la matairi lina kilo tatu hadi nne kabla hujaweka hata soksi. Kama tiketi yako ina ukomo wa kilo, hizo umeshazila. Usikisie. Nenda kwa mwenye duka la nafaka mtaani kwako, mwombe akupimie kwenye mizani ya magunia. Wa kwangu hunicheka, lakini hupima.

Zipu ikikwama kwa vumbi, isugue na kipande cha mshumaa au sabuni kavu. Usiivute kwa hasira. Zipu ya begi la matairi haifi nyumbani, inasubiri ufike mlangoni.

Shangazi kaja

Hili ndilo begi langu la moyoni, nakiri upendeleo mapema. Lile la miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, la plastiki iliyosukwa, ambalo ukiliona mlangoni unajua kuna mtu amekuja kukaa wiki tatu na ndani kuna karanga.

Kwa treni ya zamani, shangazi kaja inashinda. Tupu haina hata nusu kilo. Ni laini, ukiisukuma chini ya kitanda inajikunja kufuata nafasi, wakati begi gumu la matairi linagoma kwa sababu ya sentimita mbili tu. Ukitaka kuipitisha dirishani kwa mtu aliye chini, inapita. Ukishagawa zawadi kule ulikokwenda, unaikunja kama shuka na kuitia ndani ya begi lingine. Hakuna begi linalorudi likiwa dogo kuliko lilivyokwenda isipokuwa hili.

Udhaifu wake ni mikono na zipu. Mikono imeshonwa mstari mmoja tu, na kilo kumi na tano zikining'inia hapo, siku ya tatu mstari unaachia. Kabla ya safari ya kwanza ipeleke kwa fundi viatu, aipige uzi wa nailoni mara mbili kwenye mikono yote minne. Kisha ifunge kamba ya katani msalaba, juu na ubavuni, na mkono wa kubebea uwe ule wa kamba. Zipu ikipasuka, kamba inashika. Vitu vyenye ncha weka katikati na uvizungushie nguo, maana plastiki ile ikichanika kidogo inaendelea yenyewe.

Na zote zinafanana! Mwaka mmoja nilishuka Dodoma alfajiri nikiwa na usingizi, nikanyakua shangazi kaja yangu, nikapanda bodaboda hadi nyumbani. Kuifungua nakuta suruali za kiume, redio na kilo kadhaa za karanga mbichi. Nilirudi stesheni mbio. Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi, mbele yake begi langu, ameliangalia bila kulifungua. Akasema, "Binti, nilijua utarudi. La kwako jepesi." Tangu hapo kila shangazi kaja yangu ina kipande cha kitenge cha njano kwenye mkono, na namba ya simu nimeiandika kwa maka peni nje na kwenye karatasi ndani. Namba ya simu inatosha, mtaa unaokaa usiuandike.

Kwenye treni ya umeme begi hili linapita, sisemi halipiti. Ila vigae vyote vile laini unavitembea na mzigo begani, na ni majuto.

La mgongoni, na tranka

Begi la mgongoni nitalisema haraka kwa sababu halina ubishi. Kama unasafiri peke yako, siku tatu au nne, na huna zawadi za kupeleka, chukua hilo kwa treni yoyote. Mikono yote miwili inabaki huru, ngazi za chuma unazipanda ukishika bomba pande zote. Ila ukiingia korido ya treni ya zamani, livue ulishike mbele. Kila safari kuna kijana anayegeuka ghafla na kumzaba abiria aliyekaa kwa begi, kisha anauliza kwa nini watu wanamtazama.

Tranka la bati ni la mwanafunzi wa bweni na limejengwa kwa ajili ya bweni. Kona zake hazina adabu, zinachuna miguu na kuchana mabegi ya jirani. Kama lazima liende, liende na treni ya zamani, lifungiwe kufuli, zile kona nne zizungushiwe matambara na selotepu.

Zawadi za Dodoma ndizo hasa zinazokupasua kichwa

Nguo hazijawahi kumshinda mtu. Nani ametoka Kanda ya Kati akaenda mikono mitupu? Shida ni mafuta ya alizeti, zabibu, asali, ubuyu, karanga na unga wa mtama.

Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji: dumu la lita tano lina kama kilo nne na nusu, la lita ishirini linazidi kilo kumi na nane kabla ya kuhesabu plastiki. Asali ni kinyume, lita tano ni kilo saba hivi. Ndoo ya lita ishirini iliyojaa asali ya Tabora ni kilo ishirini na nane, na mtu anaibeba akidhani amebeba ndoo ya maji. Ndiyo maana kamba za mikono zinakatika na watu wanalaumu kamba.

Kwa mafuta, madumu manne ya lita tano ni bora kuliko moja la ishirini, hata kama bei ya jumla inakushawishi. Unabeba mawili mkono wa kulia, mawili wa kushoto, mwili unakaa sawa. Usijaze hadi shingoni, acha vidole viwili, maana mafuta yakipata joto yanapanda. Chini ya mfuniko weka kipande cha nailoni, kaza, kisha zungusha selotepu. Dumu lisilale. Lisimame ndani ya ndoo, na ndoo iwe na mfuniko. Likivuja limevuja ndani ya ndoo.

Wanaotoka Kigoma na mawese nawapa onyo la bure. Usiku wa Julai huko Itigi ni baridi kweli, mawese yanaganda, unaangalia dumu unaona limetulia, halitoi hata tone. Asubuhi jua likipiga behewa yanayeyuka, na kama mfuniko ulikuwa legelege, utagundua mkifika Bahi, kwenye gauni la mwenzako.

Zabibu ni hadithi nyingine. Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na msimu ukikolea kila mtu wa Dar anakupigia simu. Kwa SGR zinafika vizuri kama ukifuata mambo machache: nunua asubuhi ya safari, usizioshe, maana maji yanaziozesha, ziweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, si ndani ya ndoo iliyofunikwa. Vichala vikae safu moja, mbili kwa shida. Boksi hilo usilitie sehemu ya mizigo, likae mapajani kama mtoto mchanga. Kwa treni ya zamani kwenda Kigoma? Usijisumbue. Peleka zabibu kavu.

Ubuyu, karanga na unga ni raha, havivunjiki wala havimwagiki. Salfeti inafaa, mdomo ushonwe kwa sindano kubwa ya magunia, maana fundo la kamba kila mkaguzi atataka ulifungue. Kumbuka mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, usifungashe vitu vyako humo ukategemea kupita navyo. Shona vifuko vya kitambaa cha khanga iliyochakaa. Mwenyeji wako atavifurahia kuliko karanga zenyewe.

Kuku hai mimi siwapeleki kwenye treni ya umeme. Nachinja, nakaanga vikauke, naweka kwenye hotpoti. Mama mkwe hajawahi kulalamika.

Ubebe mwenyewe, umpe mchukuzi, au uutume?

Mchukuzi wa stesheni ni msaada mkubwa kwenye treni ya zamani. Anajua behewa lako litasimama wapi, na anapanda kabla yako kushika nafasi chini ya kitanda. Bei mpatane mzigo ukiwa bado chini, kwa sababu ukishakuwa kichwani mwake wewe ndiye mwenye haraka. Mtangulize mbele yako, macho yako mgongoni kwake, na begi dogo lenye simu, tiketi, kitambulisho, dawa na fedha lisimfikie kabisa. Mkonze mchukuzi ni wa wazee na wenye watoto, wengine mna matairi.

Kutuma kama kifurushi kwenye behewa la mizigo kunalipa pale mzigo unapozidi unachoweza kunyanyua mara mbili mfululizo: magunia, godoro, baiskeli. Peleka mapema, siyo saa ya treni kuondoka. Andika jina la mpokeaji na stesheni kwa herufi kubwa pande mbili, na stakabadhi uipige picha kisha uitume kwa mpokeaji kwenye simu. Hasara yake ni kwamba mzigo utaupata baada ya wewe kushuka na kusubiri, kwa hiyo chakula cha harusi ya kesho usikitume hivyo.

Basi? Likitoka stendi ya Nzuguni, mzigo unaingia kwenye buti na huuoni tena hadi unashuka. Kwa dumu la mafuta hilo ni kamari, kwa gunia la unga ni sawa tu.

Mzigo unakaa wapi usiku

Kwenye SGR jibu ni fupi: juu ya viti vya upande ule unaoutazama, siyo juu ya kichwa chako. Ulio juu ya kichwa chako ndio usiouona.

Treni ya zamani inahitaji maarifa. Ukilala kitanda cha chini, mzigo chini yako ni salama kuliko popote, na unaweza kuufungia mnyororo mwembamba na kufuli kwenye mguu wa kitanda. Ukilala cha juu, omba kwa adabu wa chini akupe nafasi kabla hajatandaza vyake. "Shikamoo mama, naomba kibegi changu kikae hapa pembeni ya chako" haijawahi kukataliwa mbele yangu. Dirisha la vyumba vile hufunguka kwa nje pia, hivyo wazoefu hubeba kipande cha ubao cha kulizuia lisishuke usiku. Cha kwangu nimekichonga kutoka kwenye mpini wa jembe.

Saa ya hatari siyo usiku wa manane. Ni treni inaposimama Saranda au Manyoni na wachuuzi wanapojaa madirishani, kuku, mayai, maji, kila mtu amegeukia nje na chenji mkononi. Mguu wako mmoja uwe umepita kwenye mkono wa begi. Na khanga moja isiingie begini kabisa, ikae begani: ni shuka, ni mto, ni pazia, na mkono wa begi ukikatika ni kamba.

Nilichomwambia jirani

Begi la matairi nilimpa binti, likiwa na kilo kumi na saba kwa mizani ya duka la nafaka, zabibu kwenye boksi mkononi. Mama yake nilimpa shangazi kaja yangu yenye kitenge cha njano, na ndoo yenye madumu mawili ya alizeti. Hakuridhika, nilimwona. Alitaka aonekane harusini ameshuka na matairi.

Alirudi baada ya siku tisa. Aliingia uani bila kupiga hodi, ndoo kichwani imejaa asali, shangazi kaja imekunjwa imetiwa kwapani kama gazeti. Akaniuliza ile njano nimeipata duka gani, maana wifi zake wawili wanaitaka.